Beni: Kijana mhami ajifunza mafundo ya kamba kabla ya kwenda kwenye mafunzo ya kupanda miti

Katika mtaa mmoja wa mji wa Beni, Kivu ya Kaskazini, kuna kijana wa miaka 24 ambaye kila jioni anafunga na kufungua kamba chini ya mwembe. Watoto wanamcheka, kwa kuwa anapanda nusu mita tu, anashuka, kisha anaanza upya. Alikimbia mashambulizi upande wa Irumu pamoja na mama yake na wadogo zake watatu. Leo wanaishi kwa familia iliyowapokea, na yeye ndiye anayetafuta chakula cha wote watano kwa kukata ngazi kwenye michikichi ya watu.

Kazi hiyo aliifunza kwa marehemu baba yake. Mkanda mmoja unazunguka shina na kiuno, mgongo unaegemea, miguu inasukuma, mkanda unarushwa juu kidogo, hivyo hivyo mpaka kwenye mikungu. Kwa mchikichi inafaa, sababu shina halina matawi. Lakini kwenye mti wa msitu mkanda ukifika kwenye tawi unakwama. Ili kulipita ni lazima kuufungua, na wakati huo mtu anashikiliwa na mikono yake tu. Wapandaji wote wanalijua jambo hilo. Familia zao hazipendi kulitaja.

Kijana huyo alisikia kwamba kuna watu wanaolipwa kupanda miti mirefu kwa kamba. Ni kweli. Mahali kama Yangambi, katika jimbo la Tshopo, watafiti wanahitaji majani, maua na matunda yaliyo juu zaidi ya mita 30, na bila kuyaona ni vigumu kujua mti ni wa aina gani. Wengine wanapanda kuchuma mbegu za kuotesha miche. Akataka kujiandikisha kwenye mafunzo mara moja. Aliyemzuia ni mzee jirani, ambaye zamani alifanya kazi hiyo msituni na leo bega lake halimruhusu tena.

« Mwanangu, mafunzo ni siku chache, na mwalimu ana watu wengi, » mzee alimwambia. « Ukienda hujui fundo hata moja, siku hizo zote utazimaliza chini ukifunga kamba. »

« Sawa, mzee. Basi nianzie wapi? »

Alianzia kwenye fundo la nane, ambalo linaitwa hivyo kwa umbo lake na ambalo ni rahisi kukaguliwa kwa macho. Halafu likaja fundo la Prusik, lenye jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Uzi mwembamba uliofungwa kama pete unazungushwa mara tatu kwenye kamba kubwa. Ukiusukuma kwa mkono bila uzito, unateleza. Ukiutundikia mwili, unauma kamba na kukaa. Mpandaji anatumia nyuzi mbili: mmoja umefungwa kwenye mkanda wa kiuno na mapaja, mwingine una kitanzi cha miguu. Anakaa, anasogeza kitanzi juu, anasimama juu yake, anasogeza uzi wa kiuno, anakaa tena. Anakwenda kama kiwavi. Mikono haibebi mwili. Anayevuta kwa mikono anachoka kabla ya tawi la kwanza.

Juu ya kamba yenyewe mzee hana huruma. Zile za plastiki za rangi, zinazofungia mizigo kwenye malori, amezikataa kabisa. Jua linazila polepole, na msuguano mkali unaweza kuziyeyusha. Hata kamba yake mwenyewe, kwa kuwa ni kuukuu, ameitoa kwa sharti moja: mazoezi tu, miguu isipite urefu wa goti. Ndiyo sababu ya ile nusu mita inayochekesha watoto. Fundo likiachia hapo, kijana anaanguka kwa makalio na kucheka pamoja nao.

Mama yake hakucheka mwanzoni. Alikwisha kupoteza nyumba na shamba, na hakutaka kumzika mtoto kwa ajili ya mbegu za mti. Siku hizi anakaa karibu na kukagua mafundo. Fundo la nane amelijua, na mbuzi wa mwenye nyumba anafungwa nalo.

Yako mambo ambayo mwembe hauwezi kufundisha: kurusha kamba juu ya tawi zima, kutambua tawi lililooza ndani, kutumia vifaa vya chuma vya kushukia, na hasa kumteremsha mwenzako aliyeumia. Mtu akizimia huku ananing'inia kwenye mikanda, damu inabaki miguuni na hali yake inaweza kuwa mbaya ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hakuna kupanda peke yako. Kwa mambo hayo mwalimu anahitajika, na kijana anajua.

Mzee amemwachia swali la kuuliza siku ya kujiandikisha, kabla ya kutoa franga yoyote: mimi nikikwama kule juu, ni nani atakayepanda kunishusha, na kwa kamba ipi?