Rangi za Navratri na Mfuko wa Mfanyakazi

Navratri maana yake ni usiku tisa. Katika sikukuu hiyo, ambayo kwa kawaida huangukia Septemba au Oktoba, Wahindu wenye asili ya Gujarat humtukuza mungu wa kike Durga kwa ngoma ya garba, wakicheza kwa kuizunguka taa. Wanawake huvaa chaniya, yaani sketi pana ya marinda, pamoja na blauzi fupi iitwayo choli, na mtandio.

Siku hizi umezuka mtindo wa kuupangia kila usiku rangi yake. Binti wa jirani zangu hapa Dar es Salaam alidai mavazi tisa mapya, ilhali mshahara wa baba yake ni mmoja. Mama yake alifungua sanduku akatoa chaniya ya marehemu bibi: nyekundu, ya bandhani, kitambaa kifungwacho vifundo vidogo kwa uzi kabla ya kutiwa rangi, nayo imeshonewa vioo vya kurudisha mwanga wa taa. Binti akanuna. Mama akampa mitandio mitatu ya kubadilisha, akamwambia azunguke. Sketi ilipofunguka kama mwavuli, binti akacheka.

Basi nawe uchaguaye vazi la sikukuu, uliza kwanza: Je, litanipa nafasi ya kucheza? Je, mshono wake utafika mwakani? Rangi huleta furaha, lakini deni la dukani hubaki hata ngoma ikiisha.