Mota ya Gari la Magogo

Lugha yetu imeupendelea wepesi. Mtoto afahamuye upesi huitwa mwepesi, na akawiaye kufahamu huitwa mzito. Neno la kwanza ni sifa na la pili ni lawama. Watu huyatumia maneno haya kuwapima wenzao kila siku, lakini ni nadra kuyapima maneno yenyewe. Aliyenipa nafasi ya kuyapima ni kijana wa miaka kumi na mitano, na kipimo chake kilikuwa mota ndogo.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu, mkazi wa Bariadi. Taarifa ya shule yake ilikuwa imemaliza habari zake kwa neno moja: mzito. Dada yangu alilisoma neno hilo akaliamini, akaniuliza kama haingekuwa heri kijana aache masomo, apelekwe kwa babu yake Itilima kuchunga ng'ombe. Nilimwomba anipe muda wa likizo kabla ya kumjibu.

Katika likizo hiyo nilimletea kijana sanduku nililopewa na mwenzangu wa kazi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya shaba ya manjano na vya mbao, vya kuunda mfano wa kichwa kidogo cha gari la moshi la kuvuta magogo, kwa kipimo cha moja kwa arubaini. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa mota. Maelezo yalimwachia kila muundaji kujichagulia yake.

Mji wa Bariadi hauna reli. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, hupitiwa na reli upande wa Maswa, penye stesheni ya Malampaka, katika njia iliyofika Mwanza mwaka 1928. Gari la magogo ni jambo geni kabisa kwa watu wa pamba na mifugo. Kwa hiyo nilimsimulia kijana kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na reli ya namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga njia nyembamba, ya upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni mpaka Sigi, mwendo wa kilomita 23 hivi, ili kuteremsha mbao za misitu ya Usambara Mashariki. Nilimsimulia pia habari za Ephraim Shay, mfanyabiashara wa magogo wa Michigan, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1881. Katika gari la Shay injini haikusukuma magurudumu moja kwa moja. Ilizungusha mtaimbo wenye gia, na gia zikazungusha magurudumu yote. Mwendo wake ulikuwa mdogo, lakini lilipanda vilima na kupita juu ya reli mbovu ambako magari ya mbio yaliteleza.

Tulikwenda kwa fundi redio mmoja, mzee mwenye kopo lililojaa mabaki ya vyombo vilivyokufa. Alitutolea mota tatu. Ya kwanza ilitoka katika simu, nayo ni ile itikisayo simu iitapo. Haikuzidi ukubwa wa punje ya haragwe. Ya pili ilitoka katika gari la kuchezea watoto, na ya tatu katika redio ya kaseti. Alipoigusisha ya pili na betri ililia kama nyuki, na vijana waliokuwapo wakashangilia.

"Hii ndiyo mota, Mwalimu," mmoja wao aliniambia. "Hizo nyingine zimelala."

Mpwa wangu hakujibu. Aliomba uzi na nati chache, akafunga uzi katika ncha ya kila mota, akaning'iniza nati moja baada ya moja. Mota ya simu ilishindwa na nati ya kwanza. Ile ya mbio ilinyanyua mbili, kisha ikasimama, ikapata moto na kunuka. Mota ya kaseti ilinyanyua tano bila ya kubadili sauti.

"Mjomba, magogo hayangoji mbio," alisema.

Fundi alicheka, akamwonya kwamba mota ya kaseti ina kidhibiti ndani yake, kilichowekwa ili wimbo usiende mbio wala usilegee. Nacho huirusha mara moja kwenye mwendo wake kamili, ilhali gari la magogo lapaswa kuanza kwa unyenyekevu. Walikitoa pamoja, wakaunganisha nyaya moja kwa moja, na tangu hapo mwendo ukafuata wingi wa betri.

Nyumbani kijana alikaa siku mbili na penseli. Gurudumu la mfano lilikuwa na kipenyo cha sentimita 2, basi kila mzunguko ulikwenda sentimita 6.3 hivi. Mota ya mbio, kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, kama ingefungwa moja kwa moja katika gurudumu, ingeliendesha gari hilo kwa mwendo ambao katika ukubwa wa kweli ungezidi kilomita 1,300 kwa saa. Yaani gogo lingetangulia sauti yake mwenyewe! Hata kwa gia ya sandukuni, ya meno 24 yaliyosukumwa na parafujo, ingefika kilomita 56. Mota ya kaseti, kwa mizunguko 2,400, ilishuka mpaka 100, sawa na kilomita 15 kwa saa. Huo ndio mwendo wa gari la magogo.

Sisemi kwamba ukawiaji ni sifa kwa kuwa ni ukawiaji. Mota iliyokufa pia haina mbio. Gia haiumbi nguvu mpya. Hupokea mbio na kuzirudisha kwa sura ya nguvu ya kuzungusha, kasoro ile inayoliwa na msuguano. Swali la kumwuliza mvutaji ni moja: huweza kubeba nini bila ya kusimama? Wasukuma wanalijua hili katika ng'ombe wa plau, ambaye hachaguliwi kwa kushindanishwa mbio. Ajabu ni kwamba tunalisahau tunapoingia darasani, tukashika saa, tukahesabu mizunguko, tusining'inize nati hata moja.

Nilimjibu dada yangu kwamba mwanawe abaki shuleni. Nilimwambia kuwa neno lililoandikwa katika taarifa ni la kweli, ila limesomwa vibaya. Kwani mzito ni yule asiyeondoka upesi, na pia ni yule asiyesukumwa kwa urahisi akishaondoka. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama shule nayo inayajua hayo. Swali lake ningali nalichukua kila niingiapo kusahihisha mitihani.