Mkanda au Mota

Mzee wangu aliuza mashine yake ya santuri nilipokuwa mwaka wa pili chuo. Hakuniambia. Niliona tu karo imelipwa, nikaendelea na maisha. Mwaka wa tatu nikaacha masomo nianze kuandika, na ndipo mama akanieleza hiyo karo ilitoka wapi.

Kwa hivyo mwaka jana, mhariri mmoja aliponilipa baada ya kunizungusha miezi minne, nilienda moja kwa moja kwa fundi nikiwa na shilingi 22,000.

Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ni ya mkanda: mota imekaa kando, na mkanda wa mpira ndio unaozungusha sahani. Uzuri wake ni kwamba mpira unameza mtetemo wa mota kabla haujafika kwenye sindano. Ubaya ni kwamba mpira ni mpira. Unakauka, unalegea, na ukishalegea mwimbaji anaanza kuimba kama mlevi.

Ya pili haina mkanda. Sahani imekaa juu ya mota yenyewe. Ukibonyeza, inashika kasi papo hapo na haiyumbi. Technics walipotoa SL-1200 mwaka wa 1972, walikuwa wanawalenga watu wa kusikiliza nyumbani. Ni madijei waliogundua kwamba unaweza kuizuia santuri kwa vidole, uiachilie, na sahani chini yake isipoteze mwendo. Hii ya fundi haikuwa Technics. Bei ya hizo mimi huisikia tu.

Kwa mtu anayetaka kukaa akasikilize, wengi watakwambia chukua ya mkanda. Na maze, karibu niichukue. Ilikuwa 14,000, ningebaki na kitu cha kumnyamazisha landlord. Tena fundi mwenyewe aliniambia ukweli: mkanda ukikatika utatafuta mwingine uvalishe, lakini saketi ya hii ingine ikiungua, pole sana. Na kwetu stima hucheza.

Kisha akauliza, "Mzee husikiliza nini?"

Benga. Katoni nzima ya santuri ndogo za 45, zile ambazo wimbo mmoja umekatwa mara mbili, nusu upande A, nusu upande B. Na LP chache za Franco, ambazo ni za 33.

Fundi akainua sahani ya ile mashine ya mkanda, akanionyesha. Ukitaka kutoka 33 kwenda 45, unauhamisha mkanda kwa kidole kutoka ngazi moja ya puli hadi nyingine. Kila mara. Kwake ilikuwa kazi ya sekunde kumi.

Tangu augue, mikono ya mzee hutetemeka. Kikombe cha chai anashikiwa na mama. Ile mashine ya pili ilikuwa na kitufe cha 33, kitufe cha 45, na kijiti cha kushusha sindano polepole. Kuhusu mtetemo wa mota, santuri zenyewe zina mikwaruzo ya miaka arobaini. Nani angeusikia?

Nililipa 21,000. Landlord nikamzimia simu.

Kwenye basi la usiku niliipakata hadi asubuhi, konda akinidai nauli ya kiti cha pili. Nyumbani mama alitoa katoni chini ya kitanda. Nilimwekea mzee santuri, nikaziba lile tundu kubwa la katikati kwa kile kiplastiki chake, nikarudi nyuma. Kidole chake kilikosa kitufe mara mbili. Ya tatu kikapata.

Wimbo ulipoanza akaniuliza, "Hii ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza upande A wote. Gitaa lilipofifia na sindano kubaki ikikwaruza, akasema, "Hiyo ingelipa muhula."

"Najua, baba."

Akaitazama santuri inavyozunguka.

"Haya," akasema. "Geuza."