Moto Chini ya Majivu

Nyumbani kwetu Jangwani, mama hakuwa na desturi ya kuuzima moto wa mkaa usiku. Aliufukia kwa majivu, na alfajiri akapitisha kiganja juu yake bila ya kugusa. Jicho liliona majivu matupu. Kiganja kilijua kaa lililo hai liko upande gani. Wapenzi wa ushairi watanielewa nikisema kwamba jicho lilipewa zahiri, na kiganja kikapewa batini.

Nimemkumbuka mama katika kusoma kazi za wanafalaki. Nyota kubwa zikifika mwisho wa umri wao hupasuka, na mpasuko huo, uitwao supanova, huweza kushindana kwa mwanga na galaksi nzima. Lakini nyota hizo hazina maisha marefu. Nyingi hufia karibu na zilipozaliwa, ndani ya mawingu ya vumbi. Vumbi humeza mwanga, na darubini ya kawaida haioni kitu. Mwaka 2012, Seppo Mattila na wenzake walikadiria kwamba, hata katika galaksi za jirani, takriban moja kati ya tano za supanova hizi huponyoka hesabu.

Hata hivyo, vumbi si hodari wa kuficha joto. Mawimbi ya infraredi, ambayo William Herschel aliyatambua mwaka 1800 kwa vipimajoto, ni marefu kuliko ya mwanga tuuonao, kwa hiyo hupenya kwa wepesi zaidi. Na vumbi lenyewe likipata moto hung'ara kwa mawimbi hayo hayo. Darubini ya Spitzer, iliyofanya kazi angani tangu 2003 hadi 2020, ilizirudia galaksi zile zile mara nyingi. Picha ya zamani ikiondolewa katika mpya, kinachobaki ndicho kilichozuka. Tangu 2022 darubini ya James Webb nayo huutazama ulimwengu kwa macho hayo ya joto.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, mwendo mfupi kutoka kwetu. Nilisimama katika umati, vumbi likiwa kope na ndimi zetu. Kijana mmoja akasema, "Wamekwisha hao." Bibi aliyekuwa kando yake akamjibu, "Mjukuu wangu, usimhesabu mtu maiti kwa sababu humwoni." Wengine, kweli, hatukuwapata tena, Mungu awarehemu. Lakini makumi ya watu walitolewa kifusini wakiwa hai.

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa moyoni nilikuwa nimekwisha kusema kama yule kijana. Hilo ndilo linalonisuta hadi leo. Mama amekwenda, na jikoni mwetu sasa ni gesi. Lakini kila nitakapo kufunga hesabu ya kitu nisichokiona, hukiona kiganja chake juu ya majivu, kimetulia, kinangoja.