Herufi Moja

Kila Jumapili Mama akinipigia simu huuliza mambo mawili: nimekula nini, na wadudu wangu wanaendeleaje. Wadudu ni vimelea vya malaria. Navifuga katika maabara hapa Dar es Salaam, na kwa Mama kufuga ni kufuga tu. Anataka kujua kama wameshiba, kama wamekufa. Namwambia ukweli. Kuna wiki wanakufa wote kabla sijawajaribia chochote. Kimelea kilichowashinda watu kijijini miaka nenda rudi, chupani hufa kwa sababu nilichelewa kukibadilishia damu.

Kazi yangu ni kutafuta dawa. Ukiisikia hivyo inaonekana kubwa. Asubuhi natoa chupa kwenye joto la sentigredi 37, napaka tone la damu kwenye slaidi, nalitia rangi, nakaa kwenye hadubini kuhesabu. Hadi mwaka 1976 hakuna aliyekuwa ameweza kukifuga kimelea hiki, Plasmodium falciparum, mfululizo nje ya mwili wa mtu. Trager na Jensen, waliofaulu, walitumia mshumaa: waliuwasha ndani ya chombo cha kioo, wakafunika, ukala oksijeni mpaka ukazimika, na hewa iliyobaki ikavifaa vimelea. Siku mtungi wetu wa gesi ukiisha, nasi tunarudi kwenye mshumaa.

Halafu inakuja pleti, kibao cha plastiki chenye vishimo 96. Kila kishimo nakitia damu yenye vimelea na kiasi kidogo cha molekuli ninayoipima. Baada ya saa 72 naongeza rangi inayong'aa ikikutana na DNA. Chembe nyekundu ya damu ya mtu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA; kinachong'aa pale ni kimelea. Tunaomba giza. Na giza lenyewe mara nyingi hutudanganya, maana molekuli hiyo hiyo tukiipeleka kwenye seli za ini la binadamu, nazo zinakufa. Hata Jiki inaua malaria, husema mwalimu wangu, lakini hatumnyweshi mtu.

Katika kila pleti natenga safu moja ya klorokwini. Hatuitafutii kazi mpya. Inatuonyesha tu kama pleti imekwenda sawa. Ukoo mmoja wa vimelea, uitwao 3D7, hufa kwa klorokwini kidogo sana. Ukoo mwingine, Dd2, unaendelea kung'aa. Nimeiona tofauti hiyo mara nyingi, lakini nikifika kwenye safu ile bado nainama kutazama kwa karibu.

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, malaria ilipanda hadi kwenye vilima vyetu, Kagera. Nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu minne. Mama alipewa klorokwini zahanati. Aliponda vidonge kwa kijiko, akachanganya na sukari. Mtoto akatema, akampa tena. Siku ya tatu homa ikapanda. Siku ya nne degedege. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Matangani, shangazi aliingia chumbani kutafuta kanga akakuta bahasha ndogo ya zahanati juu ya kabati, ina vidonge viwili. Hakupiga kelele. Alitoka nayo mkononi, akasema, "Kumbe dawa ilikuwepo." Mama alitazama chini. Neno hilo lilibaki nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Tangu hapo, mtoto yeyote akiumwa, Mama alihesabu vidonge kwa sauti, mpaka cha mwisho, mbele ya watu.

Nilikuwa chuo nilipokutana na jeni iitwayo pfcrt, iliyotambuliwa mwaka 2000. DNA ya kimelea ina herufi kama milioni 23, zimepangwa kwenye kromosomu 14. Herufi hizo husomwa tatu tatu, kama maneno. Kwenye kromosomu ya 7, katika neno la 76 la jeni hiyo, AAA ikiwa ACA, mlango mmoja wa tumbo la kimelea hubadilika, na klorokwini inayoingia hutolewa nje. Mabadiliko hayo huwa na wenzake, lakini hilo ndilo kubwa. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Nilipiga hesabu palepale darasani. Miaka mitatu.

Nilitaka kumpigia Mama simu usiku ule. Sikupiga. Mtafiti hasemi "ilikuwa hivi" bila sampuli, na damu ya mdogo wangu haikuwekwa na mtu.

Nilimwambia Desemba iliyopita, jikoni, tukimenya ndizi. Nilieleza mlango, nikaeleza herufi. Nikasema siwezi kuthibitisha, ila wakati ule dawa ile ilikuwa imeshashindwa sehemu nyingi za nchi. Huenda hata angemeza vyote isingemsaidia. Vile viwili havikumuua.

Mama aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Vile viwili vilikuwa vyako."

Nilikuwa nimeumwa wiki hiyo hiyo. Sikumbuki kabisa. Nilipata nafuu siku ya pili, akavihifadhi vilivyobaki, kama walivyofanya wengi. Mdogo wangu alimeza vyake vyote.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, shangazi yako angekutazama wewe."

Sikuwa na la kujibu. Maabara ningekuwa na maelezo mawili. Mtoto wa miaka minane aliyekulia kwenye malaria ana kinga kiasi kuliko wa miaka minne. Au vimelea vyangu vilikuwa na A mahali ambapo vyake vilikuwa na C. Nyumba moja, mbu wale wale, bahasha mbili kutoka dirisha moja. Yeye hakuuliza maelezo hayo. Aliuliza, "Na huu mseto wa sasa? Nao utatuacha?"

Nilimwambia bado unatibu. Nikamwambia pia kwamba kuna badiliko lingine, R561H, kwenye jeni nyingine. Liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye likaonekana kwetu Kagera. Vimelea vyenye badiliko hilo huchelewa kutoka kwenye damu. Ndiyo maana mseto una dawa mbili, moja imsaidie mwenzake. Na ndiyo maana, nilisema, mtu akipona siku ya pili asiweke vilivyobaki kabatini.

"Hilo nalijua," alisema, na kwa mara ya kwanza tulicheka tukizungumzia mwaka ule.

Jumapili iliyopita alipiga. Nilikula ugali na dagaa. Wadudu wazima. Kwenye pleti ya mwisho nimepata vishimo vitatu vyenye giza, nikamwambia, nami nilisikia furaha yangu mwenyewe kwenye simu.

Mama akanyamaza kidogo. "Na ini?"

"Ini kesho, Mama."

"Haya. Utaniambia."