Kuna Umbali Gani Kati Yako na Ndugu Yako?



Leo fungua Biblia yako kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, uanze mstari wa 14. Soma polepole mpaka wa 20. Ukimaliza rudi hapa, nina swali lako.

Umemwona Hajiri? Maji yamekwisha kwenye kiriba na kijana amelegea. Mama anamlaza chini ya kichaka, kisha anaondoka na kwenda kuketi peke yake. Neno linatupimia hata umbali wenyewe: ni kama pale mshale unapofika ukirushwa. Siku zile hakukuwa na mita, na mshale ndio uliokuwa kipimo. Ukimwambia mtu hivyo, anajua mara moja unasema wapi.

Nimeuwaza sana umbali huo. Hajiri hakukimbia moja kwa moja, wala hakubaki karibu. Aliketi mahali ambapo hatauona uso wa mwanawe akifa, lakini bado hajamwacha. Huo ni umbali wa mtu aliyeumia. Si mbali kiasi cha kusahau, na si karibu kiasi cha kugusa.

Sasa swali langu: ni nani uliyemwacha hapo kichakani, nawe umeketi ng'ambo ukilia? Ni mzazi? Ni mume? Ni ndugu mliyenyonya ziwa moja? Usinijibu upesi. Kwanza nikueleze kuhusu kifaa fulani.

Kijana mmoja, ambaye mama yake anaabudu nasi hapa Port Reitz, anaishi Marekani. Huko msimu ukifika watu wenye kibali huwinda kulungu kwa upinde na mshale, naye amejifunza. Desemba alipokuja nyumbani alinionyesha kipima-umbali chake cha leza. Kidude chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Unaweka jicho kama kwenye darubini, unalenga kitu, unabonyeza, na namba inatokea. Nilimwomba tu asikielekeze juu, maana sisi na uwanja wa ndege ni majirani! Alicheka, akalenga mnazi ulio upande wa maji. Mita 63.

Nikamuuliza kimejuaje. Akanieleza kwamba kinatuma mwanga usioonekana kwa macho yetu. Mwanga ule unagonga kitu, sehemu yake inarudi, na kifaa kinahesabu muda wa kwenda na kurudi. Mwanga hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa kitu kilicho mita 70 mbele yako, safari yote ya kwenda na kurudi haifiki hata nusu ya sekunde iliyogawanywa mara milioni. Na kile kidude kinaihesabu! Mungu ametupa akili, wapendwa.

Lakini kwa nini mwindaji ahangaike hivyo? Si ana macho? Ni kwa sababu mshale hauendi kama mstari wa rula. Ukitoka tu kwenye upinde unaanza kuanguka. Chukua mshale unaokwenda mita 60 kwa sekunde. Ukifika mita 40 umeshashuka zaidi ya mita 2 chini ya mstari ulioanzia, ndiyo maana mpigaji huuelekeza juu kidogo ili kufidia. Ukifika mita 45 umeshuka zaidi ya nusu mita nyingine. Kwa hiyo anayedhani mnyama yuko mita 40, kumbe yuko 45, atapiga udongo, au vibaya zaidi atamjeruhi mnyama akafie mbali kwa mateso. Wenye bunduki ni hivyo hivyo. Risasi ina kasi, kwa hiyo karibu inasamehe kosa la kukadiria, lakini mbali haisamehi.

Na macho yetu yanadanganya. Muulize mvuvi yeyote wa hapa kwetu: ng'ambo ya maji huonekana karibu, ila ukishika kasia ndipo unapojua.

Mlengaji wetu Shehzana Anwar, yule aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, hakuhitaji kifaa hicho pale uwanjani. Katika Olimpiki shabaha iko mita 70, kila mtu anajua. Lakini yako mashindano mengine ya porini ambapo baadhi ya shabaha haziandikwi umbali wake, na kipima-umbali ni marufuku. Hapo unakadiria mwenyewe, na wengi hukosa kabla hata hawajauvuta upinde.

Mpendwa, maisha ya nyumbani kwako yanafanana na yapi? Hakuna aliyekuandikia kwamba kati yako na kaka yako kuna mita ngapi. Unakadiria. Na hapo ndipo nataka ujifunze mambo matatu kutoka kwa kile kidude.

JAMBO LA KWANZA: hupima kile kinachogongwa kwanza.

Baada ya mnazi, nilishika kifaa mimi. Nikalenga mnazi ule ule, nikabonyeza. Mita 9! Nikarudia. Mita 9. Kijana akaniambia, "Baba mchungaji, umepima jani." Kumbe mbele yangu palikuwa na tawi la mwembe, na mwanga uligonga jani ukarudi. Kifaa hakikusema uongo. Jani lilikuwa mita 9 kweli. Lakini mimi sikuwa nauliza habari za jani.

Kuna dada mmoja wa ushirika wetu amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Binti yake anafanya kazi Doha, na kila usiku wanaongea kwa wasapu mpaka bando inakwisha. Kaka yake anakaa Bokole, tuktuk moja tu kutoka kwake, na walikuwa hawajasemezana miaka sita. Alikuja kwangu akasema, "Mchungaji, kaka yangu yuko mbali sana na mimi."

Nikamuuliza kaka alimkosea nini. Akasema ni shilingi 12,000 za matanga ya baba yao. Zilichangwa, zikapita mkononi mwa kaka, na hesabu haikutolewa. Nikamuuliza, "Na kabla ya matanga, alikuwa mtu wa namna gani?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye aliyenilipia karo kidato cha pili mpaka cha nne. Alikuwa akibeba mizigo bandarini."

Umeona? Zile 12,000 ni za kweli. Ziliuma, na hesabu ilitakiwa itolewe. Lakini hizo ni jani. Kila mara dada alipomlenga kaka yake, moyo uligonga jani ukarudi na namba ya jani. Kaka mwenyewe, yule wa karo, alikuwa nyuma yake, na kwa miaka sita hakupimwa. Mpendwa, usipime jani ukasema umempima mtu. Sogea hatua moja kando, utazame tena.

JAMBO LA PILI: ukisimama juu, namba hubadilika.

Wawindaji wengi hukaa juu ya mti au kwenye mteremko. Kipima-umbali kikilengwa chini hutoa umbali wa mstari wa jicho, tuseme mita 40. Lakini mshale hauangushwi kwa kufuata mstari wa jicho. Kinachohesabika zaidi ni umbali wa chini, kana kwamba wote wawili mmesimama tambarare. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, ile 40 inatakiwa ipigwe kama 35 hivi. Mwindaji akipiga kwa hesabu ya 40, mshale unapita juu ya mnyama. Ndiyo maana vifaa vya siku hizi vingi hupima mwinamo pia, na kutoa namba iliyosahihishwa.

Sikiliza hapa sasa. Ukimtazama ndugu yako kutoka juu, anaonekana mbali kuliko alivyo. Wewe ndiye uliyeokoka kwanza, wewe ndiye mwenye kazi, wewe ndiye unayejua Neno. Kwa hiyo unamrushia maneno ya mita 40, na yanampita juu ya kichwa. Halafu unasema, "Nimemwambia mara nyingi, hasikii." Atasikiaje? Shuka chini, mpendwa! Ukishuka utashangaa jinsi alivyo karibu.

Na hesabu ni ile ile kwa aliye chini akitazama juu. Kuna wengine hapa mmemwacha ndugu kwa sababu ana gari na nyumba Nyali, mkasema, "Yule si wa kiwango chetu." Nani kakwambia? Huenda naye usiku anatafuta namba yako kwenye simu, anaogopa kubonyeza.

JAMBO LA TATU: namba haivuti upinde.

Ukishajua ni mita 63, bado hujafanya lolote. Kifaa kimenyamaza na kazi imebaki kwako.

Hapa pwani tuna historia ya watu waliolijua hilo. Waata, walioitwa pia Waliangulu, wa kule Tsavo na mto Galana, walikuwa wawindaji wa ndovu kwa mishale ya sumu. Pinde zao zilikuwa miongoni mwa pinde nzito zinazojulikana duniani. Kuuvuta mmoja kulitaka nguvu ya kuinua zaidi ya kilo 45. Ungedhani mwenye upinde kama huo angepiga kutoka mbali. La! Walinyata wakisoma upepo mpaka wakawa karibu kabisa na ndovu, ndipo wakaachia. Hawakuwa na leza. Dawa yao ya umbali ilikuwa kuupunguza. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, nami simwiti mtu aurudie. Nasema tu kwamba ukikaribia, hata kosa lako la kukadiria linapungua.

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila umbali ni dhambi. Soma 1 Samweli 20. Yonathani alirusha mshale ukampita kijana wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara kwa Daudi aliyejificha: usirudi, nenda, maana Sauli anataka kukuua. Mungu alitumia mshale kumwambia mtumishi wake akae mbali. Dada unayepigwa, mtoto unayeumizwa na mtu wa nyumbani, mimi sitakwambia urudi karibu na mkono unaokupiga. Umbali wako ni usalama wako. Njoo tuzungumze, na wala usione haya kwenda polisi. Kusamehe hakudai ukakae chini ya ngumi.

Na Bwana wetu kule bustanini alijitenga na wanafunzi kiasi cha jiwe kutupwa (Luka 22:41). Alikwenda kuomba, na Mathayo anatuonyesha alivyorudi mara tatu kuwatazama. Basi jipime kwa hilo: umbali wako ni wa kuomba, au ni wa kununa? Wa kuomba hukurudisha kwa watu.

Mpendwa, muda hatuna. Hata jina la mahali petu linatukumbusha. Port Reitz imeitwa kwa jina la Luteni John James Reitz, aliyekuja na meli za Kapteni William Owen zilizokuwa zikipima pwani ya Afrika. Mwaka 1824 aliachwa Mombasa aisimamie, na baada ya miezi michache tu alikuwa amekufa. Alikuja na wapimaji wa bahari, lakini siku zake mwenyewe hakuna aliyempimia. Wala zako, wala za kaka yako.

Sasa rudi kwa Hajiri. Malaika alipomwita, hakumwambia aendelee kulia pale alipo. Soma mstari wa 18: aliambiwa asimame, amwinue kijana, amshike kwa mkono. Kutoka umbali wa mshale mpaka urefu wa mkono! Na katika mstari unaofuata ndipo macho yake yakafunguliwa, akaona kisima. Maji yalipatikana baada ya agizo la kumshika mtoto. Na yule kijana alikua akawa mpiga upinde. Aliyeachwa umbali wa mshale akawa bwana wa mishale. Huyo ndiye Mungu wetu.

Yule dada? Jumapili ile ile baada ya ibada alipanda tuktuk akaenda Bokole. Kaka alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Umekula?" Hilo tu. Hesabu ya 12,000 bado hawajaimaliza, wanaizungumza. Lakini wanaizungumza wakiwa meza moja.

Kazi yako leo kabla jua halijazama: taja jina moja mbele za Mungu. Ondoa jani. Shuka ulipopanda. Kisha piga simu, au vaa viatu uende.

Tuombe. Baba, wewe hukutupenda kwa mbali, ulimtuma Mwanao akakaa kwetu. Mpe msomaji huyu miguu ya kusimama na mkono wa kumshika aliyemwacha kichakani. Mlinde aliye hatarini. Fungua macho yetu tuone kisima. Katika jina la Yesu.

Kama umelitaja jina hilo moyoni, andika AMINA. Jina lenyewe usiliandike hapa. Nenda ukamwite nalo.