Jibu Nililompa Binti wa Dawati la Dirishani

Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka kumi na mitatu nilipogundua kwamba jibu moja nililolitoa kwa sauti ya uhakika halikustahili uhakika ule.

Ilikuwa mwaka 2011, kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa. Tulikuwa tumefika mada ya elimu ya anga, nikawasimulia kidato cha nne habari za mashimo meusi: kwamba Jua likikandamizwa mpaka nusukipenyo chake kibaki kilomita 3, hata mwanga hautoki. Binti mmoja wa dawati la dirishani akanyoosha mkono. "Mwalimu, nikitupa daftari langu humo, niliyoyaandika yanakwenda wapi?" Nikamjibu, "Yamepotea moja kwa moja. Tunaendelea." Akaketi. Muhula ule wote hakuuliza tena.

Aprili 2019 ikatolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Wanafunzi walinijia na maswali kila siku, nikalazimika kusoma upya. Humo ndimo nilimokutana na swali la yule binti, na kumbe lilikuwa limewahangaisha wakubwa wa fani yangu kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho. Katika fizikia ya kwanta hata mahali patupu hapatulii, na wengi hulieleza jambo hili kwa mfano wa chembe pacha zinazozuka ukingoni mwa shimo: moja inatumbukia, nyingine inatoroka. (Mfano huo ni wa kusaidia akili, hesabu zenyewe ni ngumu zaidi.) Mnururisho huo ni hafifu mno, kwani shimo lenye uzito wa Jua lina jotoridi lisilofika hata sehemu moja ya milioni kumi ya kelvini. Lakini likiachwa peke yake, shimo litapungua hadi liishe. Na kwa hesabu za Hawking, mnururisho hausemi lolote kuhusu kilichotumbukia. Liwe daftari, liwe jiwe la uzito uleule, ni mamoja.

Hapo ndipo penye mgogoro, maana kanuni za kwanta hazikubali taarifa ifutike. Ukichoma daftari, moshi, majivu na mwanga wa moto kwa pamoja bado vimebeba yaliyoandikwa, ijapokuwa hakuna awezaye kuyasoma. Mwaka 1997 Hawking na Kip Thorne, waliodai kuwa shimo hufuta taarifa, waliwekeana dau na John Preskill, aliyekataa. Atakayeshindwa atoe ensaiklopidia. Julai 2004, mjini Dublin, Hawking alitangaza mbele ya wanafizikia wenzake kwamba amebadili msimamo, akampa Preskill ensaiklopidia ya besiboli. Thorne hakukubali siku ile.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Hawking alikuwa na hesabu zake, akazishikilia karibu miaka 30, kisha akaigeuza kauli yake hadharani. Mimi sikuwa na hesabu yoyote. Nilimpa mtoto upande mmoja wa kesi ambayo haijaamuliwa, tena upande ambao wakili wake mkuu alikuwa ameshauacha miaka saba kabla.

Tangu hapo, swali linalonishinda naliandika kwenye kona ya ubao pamoja na jina la aliyeuliza, na zamu ya usafi hairuhusiwi kulifuta. Mengine hukaa hapo mwezi mzima.

Binti yangu, kama unasoma haya, pokea jibu lako. Mwaka 1993 Don Page alikadiria kwamba, ikiwa taarifa haipotei, itaanza kujitokeza katika mnururisho shimo linapofika takriban nusu ya safari yake ya kuyeyuka. Hesabu zilizofanywa mwaka 2019 zilitoa matokeo yanayolingana na makadirio yake. Wanafizikia wengi leo wanaamini kwamba uliyoyaandika yanatoka. Njia yanayopitia ndiyo bado inatafutwa. Nilikosea kukunyamazisha. Naomba radhi.